Kabla Hujakalia Gokati: Mambo ya Kuzingatia

Anayetaka kuanza mbio za gokati, vile vigari vidogo vya wazi vinavyokimbia karibu na lami, huuliza kwanza bei ya gokati. Mimi ningependa aanze na mbavu zake. Gokati haina springi wala shokamzoba; kuna fremu ya mabomba ya chuma, kiti kigumu cha faiba, na wewe. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kinachozungusha magurudumu mawili kwa pamoja, bila difu (gia inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti), kwa hiyo kwenye kona gurudumu la nyuma la upande wa ndani lazima linyanyuke kidogo, la sivyo gokati inang'ang'ania kwenda mbele tu. Uzito wako ndio unaosaidia kulinyanyua, na uzito huo hupita kwenye kiti kupitia ubavu. Kiti kikikupwaya, omba sponji ya kujazia kabla hujaondoka. Na ukishaamua kuwa mchezo huu ni wako, nunua kikinga mbavu mapema, kabla hata ya ovaroli ya kupendeza.

Helmeti utapewa unapokodi, mathalani pale GP Karting, Langata Road, Nairobi. Hata hivyo nenda na soksi yako ya kichwa, kwa sababu helmeti hizo huvaliwa na watu wengi kwa siku moja. Ukinunua yako, iwe ya kufunika uso mzima, yenye kioo, na utafute alama ya ubora iliyoshonwa au kubandikwa ndani, kama ECE au Snell. Zile nyepesi za bodaboda zisizo na alama yoyote ziache hukohuko dukani. Ivae, ifunge, kisha jaribu kuizungusha kwa mikono: ngozi ya mashavu inapaswa kusogea pamoja nayo. Iliyowahi kuanguka kwa kishindo usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Suala la nguo nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Nyuma ya mgongo wako kuna cheni na ekseli inayozunguka kwa kasi, mara nyingi bila kifuniko kamili. Mwaka 2010, huko Australia, mwanamke kijana alifariki baada ya vazi lake la kujisitiri kunaswa na gokati. Dada zetu wanaojisitiri wasizuiwe kucheza kwa sababu hiyo. Wavae hijabu fupi ya kubana inayoingia yote ndani ya helmeti, na shati la mikono mirefu lililochomekwa. Nywele ndefu na rasta zifungwe na kuingizwa ndani ya kola. Leso, skafu, kamba za kofia ya jaketi, vyote vibaki kwenye begi. Viatu viwe vya kufunika mguu na vyenye soli nyembamba, ili unyayo uhisi pedali.

Wageni wengi hushtuka kukuta hakuna mkanda. Gokati nyingi za mashindano hazina, kwa kuwa hazina paa wala vyuma vya kukukinga zikipinduka. Kufungwa chini yake ni hatari zaidi kuliko kurushwa kando.

Mguu wa kulia ni wa mafuta, wa kushoto ni wa breki, na usikanyage vyote kwa pamoja, maana utaunguza klachi. Gokati nyingi zina breki kwenye ekseli ya nyuma pekee. Ukiikanyaga ghafla ukiwa umeshakata usukani, nyuma itakupita na utajikuta unatazama ulikotoka. Funga breki ukiwa bado umenyooka, achia, ndipo uingie kwenye kona. Ikizunguka hata hivyo, baki umeketi, inua mkono juu wenzako wakuone, usubiri msimamizi. Kushuka na kukimbia ndiko kunakoumiza watu. Bendera nazo zijue kabla: ya njano, punguza mwendo na usimpite mtu, ya bluu, kuna mwenye kasi nyuma yako, mpishe, nyekundu, mbio zimesitishwa.

Kunywa maji mapema. Usukani hauna pawa, na dakika kumi tu hutosha kukaza misuli ya mikono hadi kushika kikombe kuwe kazi. Umekaa sentimita chache juu ya lami, na kilomita 60 kwa saa huonekana kama mara mbili yake. Raha hiyo sijaipata kwenye gari lolote.

Kukodi kwanza, kwa miezi, ndilo shauri langu. Gokati nyingi za kukodi hutumia injini ndogo za Honda GX, ukoo uleule unaosukuma pampu za kumwagilia mashamba yetu, na hazihitaji utaalamu. Ukihamia kwenye injini ya mbio kama Rotax Max ya cc 125, umeingia dunia nyingine ya mafuta yaliyochanganywa na oili, plagi na jeti za kabureta, yaani vitundu vinavyopima mafuta yanayoingia kwenye injini. Nairobi iko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na injini hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Fundi huweka jeti ndogo ili mafuta yasizidi hewa. Ukiishusha gokati hiyo Mombasa bila kubadili jeti, mafuta yatapungukia hewa nzito ya pwani, pistoni itapata joto kupita kiasi na inaweza kukwama.

Na ukienda kutazama ya mtumba, usidanganywe na stika. Ilaze ubavu, ufute grisi, ukague sehemu za kuchomelea chini ya fremu na palipochubuka kwa kusugua lami, maana bomba likishalika upande mmoja hulegea. Inua nyuma, zungusha ekseli kwa mkono huku umekaza macho kwenye ncha yake. Ikiyumba, imepinda, na gharama ya kuibadilisha itolewe kwenye bei hapohapo.