Namna ya Kuipanga Bendi ya Simfoni kwa Ajili ya "Cathedrals"

Mtunzi wa Marekani Kathryn Salfelder aliijenga "Cathedrals", utunzi wake wa bendi ya vyombo vya kupuliza na ngoma, juu ya Canzon Primi Toni ya Giovanni Gabrieli, muziki wa vyombo iliyochapishwa mwaka 1597 kwa ajili ya sauti nane zinazopokezana makundi kwa makundi. Gabrieli alikuwa mpiga kinanda wa Basilika la Mtakatifu Marko mjini Venice, jengo lenye umbo la msalaba, kuba tano na roshani zinazotazamana. Kwa sababu hiyo mpangilio wa viti ni sehemu ya utunzi wenyewe, na kuuahirisha hadi siku ya onyesho, kama wafanyavyo baadhi ya makondakta, ni kulitupa jengo na kubaki na nota.

Anza kwa kusoma maagizo ya mtunzi kuhusu viti, kisha pima umbali kati ya makundi ya tarumbeta na tromboni. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Makundi yakitengana kwa mita 17, sauti inachelewa sehemu moja ya 20 ya sekunde. Mpiga tarumbeta anayemfuata mwenzake wa ng'ambo kwa sikio huchelewa kiasi hicho, na jibu lake likirudi ng'ambo ucheleweshaji umeshakuwa maradufu. Wafundishe basi kufuata mkono wa kondakta, hata pale masikio yao yanapokataa. Mazoezi ya kwanza yafanyike makundi yakiwa karibu, na umbali uongezwe nota zikishakaa.

Baada ya hapo tafuta nguzo za utunzi. Umbo lake limepimwa kwa uwiano wa dhahabu, yaani kugawa kitu ili kipande kikubwa kiwe takriban 0.618 ya kizima. Tuseme rekodi yako ina dakika 6, yaani sekunde 360: sehemu kuu itaangukia karibu na sekunde ya 222, na ukiizidisha hiyo tena kwa 0.618 utapata sekunde ya 137. Sikiliza maeneo hayo, utambue panapotua sauti au panapobadilika rangi ya vyombo, kisha uweke alama kwenye partitura, yaani kitabu cha kondakta chenye nota za vyombo vyote, ili bendi isimalize nguvu zake kabla ya wakati.

Klarineti, filimbi na ngoma ndizo zinazouleta muziki huu katika zama zetu, hivyo zisifunikwe na vyombo vya shaba, yaani tarumbeta, tromboni na wenzao.

Mwisho, mtume mtu mwenye sikio zuri akae katikati ya ukumbi. Kanisani penye mwangwi mrefu, fupisha miisho ya nota na upunguze mwendo kidogo. Katika ukumbi wa mazulia na mapazia, tenganisha makundi zaidi.