Kabla ya kumpelekea mthamini dhahabu yako

Anza kwa kumpigia simu wakala wako wa bima, sonara atafuata. Muulize kampuni inakubali hati ya mthamini wa aina gani, na kipande kimoja kina kikomo cha shilingi ngapi. Bima nyingi za nyumba hulipia vito hadi kiwango fulani tu, na kinachozidi hapo sharti kiorodheshwe peke yake. Uliza pia kama kinga inaendelea kidani kikitoka nje ya nyumba. Mombasa swali hili lina uzito wake: msimu wa arusi, seti ya shangazi leo iko Kisauni, wiki ijayo iko shingoni mwa bibi arusi Likoni. Bima ya vitu vya ndani ya nyumba huenda isivuke feri pamoja nayo.

Pili, jua unataka bei gani, maana dhahabu ileile ina zaidi ya moja. Sonara anayenunua kwako huhesabu uzito wa dhahabu, akatoa na faida yake. Anayepiga hesabu ya zaka hufuata bei ya soko ya siku hiyo. Bima ya kukurudishia kitu kama ulichopoteza huhitaji bei ya kukinunua upya dukani leo, pamoja na ufundi, mawe na kodi, na hati iseme hivyo waziwazi. Hapa ndipo watu huumia. Ukikatia bima ya shilingi 200,000 kwa vito vya 400,000, kisha ikaibwa bangili ya 100,000, kampuni inaweza kukulipa 50,000 tu, kwa hoja kwamba ulilipia kinga ya nusu. Kuikuza bei nako hakufai: utalipa ada kubwa kila mwaka kwa fidia ambayo hutaipata.

Mthamini atoze ada maalumu, si asilimia ya thamani. Na sonara anayesema "niuzie mimi" kabla hata hajawasha mizani, mshukuru uondoke.

Usiku wa kuamkia siku ya kwenda kwa mthamini, osha vito kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini. Dawa ya klorini isiguse dhahabu. Lulu usiziloweke, kitambaa kinatosha. Tafuta risiti, hata zile zilizofifia za Dubai. Kidani cha nyanya hakina risiti, lakini picha ya arusi anayoonekana amekivaa husaidia kuonyesha kuwa ni cha kwenu.

Dukani, kaa mahali unapoona mikono ya mthamini. Atasugua bangili kwenye jiwe jeusi, uchirizi wa manjano ubaki, kisha adondoshe asidi. Uchirizi ukififia, karati ni ndogo kuliko asidi aliyotumia. Wengine wana mashine ya miale isiyokwaruza chochote. Mhuri wa 916 ni karati 22, wa 750 ni karati 18. Kipande cha kurithi kisicho na mhuri kipimwe bila kukisia. Uzito wote uandikwe mbali na uzito wa dhahabu tupu, kwa sababu bangili nyingine zina uwazi ndani au zimejazwa lakiri, na mawe nayo yana uzito wake. Jiwe la kijani lisiandikwe zumaridi kwa rangi tu: laweza kuwa tsavoraiti ya Taita, au kioo. Kila kipande kiwe na picha yake, na hati iwe na tarehe, jina na sahihi.

Usiviache vilale dukani. Ikibidi, pewa stakabadhi yenye uzito na picha. Nenda asubuhi na mtu wenu mmoja, na mipango hiyo isipitie kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo.

Bei ya dhahabu hupanda na kushuka, kwa hiyo rudia uthamini kila baada ya miaka miwili au mitatu. Hati usiiweke ndani ya sanduku la vito. Mwizi hatakaa kuchagua makaratasi.