Simu kwenye safari ndefu ya miguu: mambo ya kuzingatia kabla hujafunga begi

Kava ngumu na protekta ya kioo: weka vyote viwili, tusijadiliane. Ongeza kamba fupi ya kuifunga simu kwenye mkanda wa begi, maana nyingi huanguka pale mtu anapoitoa apige picha huku mkono wa pili umeshika fimbo. Mfuko wa nyuma wa suruali ni marufuku. Siku utakayochoka utaketi juu ya jiwe nayo ikiwa humo.

Ramani pakua kabla ya kuondoka. GPS haihitaji laini wala bando, kwa kuwa simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti. Kinachohitaji intaneti ni mchoro wenyewe wa ramani. Kwa hiyo ukiwa bado nyumbani weka hali ya ndege, fungua programu, ifuate njia yako mpaka mwisho wake. Ukiona miraba mitupu, hujapakua, hata kama unakumbuka ulibonyeza. Hali hiyo ya ndege ibaki hivyo njiani. Penye mtandao hafifu simu huhangaika kutafuta mnara na kumaliza chaji ikiwa mfukoni tu. Iondoe kwa saa mliyokubaliana na watu wa nyumbani, wajue wasikutafute nje ya hapo.

Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haikupi 10,000. Namba ile imepimwa kwa volti 3.7 za seli zake za ndani, ilhali umeme hutoka kwa volti 5 na mwingine hupotea njiani kama joto, basi wewe hesabu 6,000 hadi 7,000. Waya beba miwili, na ule wa akiba uwe umeshaujaribu. Kama unakwenda kwenye baridi kali, lala na simu ndani ya mfuko wa kulalia. Betri ya lithiamu ikipoa hunywea na simu inaweza kuzimika ikionyesha bado ina chaji. Ukiipasha joto polepole hurudi. Lakini usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, maana madhara ya hapo hayarudi nyuma.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo.

Watu hujiandaa kwa mvua na mto. Wanaponunua simu yenye alama ya IP67 huambiwa haiingii maji, wakaridhika. Alama hiyo maana yake simu mpya ilizamishwa kwenye maji matulivu yasiyo na chumvi, kina cha mita 1, kwa dakika 30. Jasho halimo katika kipimo hicho, wala raba za ndani zilizochakaa kwa miaka ya matumizi.

Mwenzetu mmoja tuliyetembea naye alikuwa mwangalifu kutushinda sote. Simu aliitia kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu, akauweka ndani ya shati, ubavuni, na koti la mvua juu yake. Siku hiyo halikudondoka hata tone. Tulipanda kutwa nzima, naye kila penye mandhari nzuri aliitoa kwa vidole vilivyolowa jasho, akapiga picha, akairudisha na kubana zipu. Jioni mfuko ulikuwa na ukungu kwa ndani. Akaifuta simu kwa shati na kuichomeka. Ikamwonya kwamba kuna unyevu kwenye tundu la chaji. Unyevu gani, na mvua haikunyesha? Akalipuuza onyo, akalala.

Asubuhi simu haikupokea chaji kwa waya wowote, na ukimulika tundu uliona pini zimefanya weusi. Jasho lina chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Ukishachomeka waya, umeme unapita kwenye ule unyevu na kuila metali ya pini. Kama angeiacha tu bila kuichomeka, ingekauka.

Ndani ya simu hiyo kulikuwa na ramani, tiketi ya kurudi, malipo ya vitanda, hela, na namba za watu wote. Namba ya mkewe hakuijua kwa kichwa. Aliyoikumbuka ni ya simu ya mezani ya nyumba aliyokulia, iliyokatwa zamani. Alipojaribu kuingia kwenye akaunti zake kwa simu yangu, kila moja ilituma namba ya siri kwenye laini yake, na laini ilikuwa ndani ya simu iliyokufa. Kipini cha kuitolea hakuna aliyekuwa nacho. Laini tuliitoa kwa hereni ya binti mmoja. Kama yako ni eSIM, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu yenyewe, hata hereni haitakufaa.

Kwa hiyo: mfuko usiopitisha maji ni wa kutumia mvua ikinyesha na wakati wa kuvuka maji, na simu iingie humo ikiwa kavu. Siku ya kawaida ikae nje ya koti, kwenye mkanda wa begi, ipate hewa. Kabla ya kuchaji mulika tundu. Likiwa na unyevu, vua kava, elekeza tundu chini, gonga simu taratibu kiganjani, iache penye upepo nusu saa au zaidi, hata kutwa ikibidi. Usiifukie kwenye mchele; Apple wenyewe wanakataza, punje ndogo zinaweza kuingia ndani. Usichokonoe kwa pamba, usikaushe kwa moto.

Na uwe na karatasi. Namba tatu za watu, namba za tiketi na malipo, namba ya dharura ya unakokwenda, na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, utakayoipata kwa kubonyeza *#06#. Kipini cha laini kigandishe hapohapo kwa selotepu. Karatasi ikae mbali na simu, tafadhali, si nyuma ya kava kama nilivyoona wengine wakifanya.

Mengine madogo. Jaza jina la mtu wa dharura lisomeke bila kufungua simu. Dira iweke mbali nayo, sumaku za simu huvuta sindano. Ukitaka kusoma ujumbe, simama kwanza. Usiiache kwenye soketi ya ukumbini ukaenda kuoga. Ukifika mtoni, itoke mkandani iingie kwenye ule mfuko, iwekwe juu kabisa ya begi, hata kama maji yanaonekana ya kifundo cha mguu tu.