Somo: Panga namba za karatasi na safu kabla ya kuchora saketi

Namba kwenye mchoro wa umeme ni anwani. Fundi aliyesimama mbele ya paneli akisoma 24.6 anatakiwa afungue karatasi ya 24, ashuke safu ya 6 (safu ni kipande cha wima cha karatasi), akute anachokitafuta. Kwa hiyo kaa na penseli kwanza, kompyuta baadaye.

Hatua ya 1: Gawa karatasi kwa makundi. Mimi hutumia 1–9 kwa jalada na orodha, 10–19 kwa njia kuu na mota, 20–29 kwa saketi ya udhibiti, 30–39 kwa ishara za PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mtambo), 40 na kuendelea kwa terminali, yaani viungio vya waya. Mota zikiishia karatasi ya 13, namba 14 hadi 19 zihifadhi. Siku mteja akiongeza pampu, hutalazimika kusukuma namba zote mbele.

Hatua ya 2: Safu kumi, 0 hadi 9. Usianze na 1, maana utafika 10, na 24.10 ni rahisi kusomwa 24.1. Karatasi ya A3 iliyolazwa ina upana wa mm 420. Ukiacha pambizo ya mm 10 kila upande, kila safu inapata mm 40.

Hatua ya 3: Kifaa kichukue jina mahali ilipo koili yake, yaani sumaku-umeme inayovuta kontakti (ncha zinazofunga na kufungua umeme). Kontakta (swichi inayoendeshwa na koili) yenye koili kwenye 24.6 ni -24K6: karatasi ya 24, K ya kontakta, safu ya 6, hata kama inakata umeme wa mota kwenye karatasi ya 12. Chini ya koili andika kontakti zake zilipo (12.3, 25.1), kando ya kila kontakti andika 24.6. Wengi huandika upande mmoja tu, halafu anayetafuta hitilafu anapekua kitabu kizima.

Hatua ya 4: Waya unaohama karatasi uwekee mshale na anwani, pande zote mbili.

Maswali

*Mwalimu, koili mbili zikiangukia safu moja?*
Sogeza moja. Ikishindikana, -24K6A na -24K6B.

*Nimehamishia koili safu ya 8, na paneli imeshafungwa. Nibadili jina?*
Hapana, lebo imeshabandikwa. Jina libaki -24K6, anwani ndiyo iwe 24.8. Haipendezi, nakubali, huo ndio udhaifu wa mfumo huu.

*Michoro ya Kimarekani niliyoiona haina safu.*
Hiyo ni ya ngazi: huhesabiwa mistari kwenda chini. Mara nyingi karatasi ya 3 huanzia 300, hivyo 312 yenyewe ni anwani. Chagua mfumo mmoja, usiichanganye yote miwili kwenye seti moja ya michoro.