Kuomba feza ku fondasio ukiwa Bukavu: dosie inapita wapi na wewe ufanye nini

Bandugu ba maasbl (mashirika yasiyo ya faida), wengi banaandikaka barua ya kurasa kumi juu ya mateso ya batoto, banatuma, banangoja. Miezi tatu, kimya, kisha banasema bazungu bako na ubaya. Hapana, mara mingi hakuna mutu alisoma ile barua. Ku fondasio, ile shirika yenye mali inatoaka feza ya kusaidia, mutu wa kwanza kushika dosie hapimake shida yenu, anaangalia tu kama munaingia mu masharti: nchi, kazi, kiasi, makaratasi. Moja ikikosa anaweka pembeni, anashika ingine.

Kwa hiyo mbele ya yote angalia ku tovuti yao kama banapokeaka maombi ya mutu hawakumuita. Mingi hazipokeake, bao njo banachaguaka. Kama imeandikwa vile, funga, usimalize megabaiti bure. Na ile inakuomba dola 50 ya "kufungua dosie" ni mwizi.

Makaratasi sasa. Asbl zetu ziko chini ya sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, njo wataomba sitati (kanuni za asbl) zenye zilipita kwa notere, liste ya komite, na karatasi ya ministeri ya Justisi. Majina yafanane kila mahali, juu ile inaitwa "Umoja wa Bamama" mu sitati na "Umoja wa Banawake" ku akaunti, itarudi tu.

Fondasio za Marekani ziko na maswali mingi zaidi. Sheria yao ya kodi inalazimisha fondasio za binafsi kutoa karibu asilimia 5 ya mali yao kila mwaka, feza ya kutoa iko, lakini wakiipeleka kwa shirika ya inje lazima wahakikishe liko sawa na yale ya kwao ya kusaidia, ama wafuate kila dola mpaka mwisho na kuambia ofisi ya kodi. Njo maana banauliza kama polisi.

Mara mingi hawaombe proje muzima, banaomba barua ya kurasa mbili. Anza hivi: "Tuko bamama 40 ba Kadutu, tunatengenezaka sabuni, tunaomba dola 12,000 kwa miezi 12 tununue mashini ya kukata na mafuta ya mawese ya jumla." Basi, historia ya Kongo waachie.

Bajeti njo inauaka batu. "Transport: 600" inakatwa papo hapo. Andika: pikipiki Kadutu mpaka Kavumu, kwenda na kurudi dola 10, mara 2 kwa mwezi, miezi 12, inakuwa 240. Jumla ifanane na ile ya ku barua, siye tulikosea dola 80 tu, ofisa akatuuliza ni gani ya kweli, haya ilitushika. Tena tangu benki zilifunga hapa Februari 2025, utaulizwa feza itapitia wapi. Usijibu "tutaona", andika benki, muji, na majina ya wale wawili banasaini.

Fomu ya ku intaneti usiijaze moja kwa moja. Umeme ilitukatikia ku ukurasa ya sita, yote ikaenda. Andika kwanza pembeni, hesabu herufi, kisha kopia.

Ukisha kutuma, ofisa wa programu anasoma, akipenda anawaita ku video, kisha anapeleka ku baraza yao, na ile baraza inakaaka mara chache tu kwa mwaka, ukichelewa siku mbili unangoja kikao ingine. Imeli moja ya kuuliza inatosha, tano zinachokesha. Wakikataa, uliza sababu, kuko wenye banajibuka vizuri sana.

Wakikubali, soma kontra yote mbele ya kusaini. Feza inakuja vipande vipande, rapore ya kwanza njo inafungua kipande ya pili. Feza ya sabuni isiende ku kilio hata kama ni ya prezida wa asbl, na ukitaka kubadilisha mustari mu bajeti, andikia kwanza ofisa ungoje jibu. Ku soko ya Kadutu hakuna mutu atakupa fakitire, tembea na kitabu yenu ya risiti, mama muuzaji asaini, aweke na nambari ya simu yake.