Somo: kusimuleti (kuigiza kwa kompyuta) damu inavyotoka kwenye vali ya moyo kuingia kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni

Wadau habari zenu, wengi mmeniomba hii kitu basi leo naimwaga yote. Programu ni SimVascular, ya bure kabisa, na kama huna picha za CT zipo modeli za aota zimewekwa wazi Vascular Model Repository, hifadhi ya modeli za mishipa mtandaoni, anzia hapo.

Hatua ya 1: pima modeli kwanza. Aota ya mtu mzima hapo juu ya vali ina kipenyo kama sm 3. Faili la STL (la umbo la modeli) halibebi yuniti, lina namba tupu, mimi nilishawahi kuingiza modeli ya milimita huku hesabu zote nimeweka kwa sentimita, aota ikawa na upana wa ndoo, kompyuta ikapiga kazi usiku kucha, asubuhi naangalia damu inatambaa sm 1 kwa sekunde wakati kwa mtu mwenye afya inatoka kwenye vali kwa kama mita 1 kwa sekunde!

Hatua ya 2: meshi, yaani kuigawa modeli vipande vidogo vidogo vya kufanyia hesabu. Karibu na ukuta weka tabaka nyembamba nyembamba, maana pale ukutani damu inasimama kabisa, ukiweka vipande vikubwa namba ya msuguano wa ukuta itakudanganya.

Hatua ya 3: damu yenyewe ni gramu 1.06 kwa sm ya ujazo, mnato (uzito wa kutiririka) poise 0.04, poise ni yuniti ya mnato.

Hatua ya 4: mlango wa kuingilia. Mapigo 75 kwa dakika ni sekunde 0.8 kila pigo, kila pigo mililita 70, ila vali inakaa wazi kama sekunde 0.3 tu, kwa hiyo hizo 70 zote zipite hapo, ukitandaza sawasawa umesimuleti bomba la maji sio moyo.

Hatua ya 5, hapa ndo wengi wanaangukia. Usiweke presha sifuri kwenye matundu yote ya kutokea (pale matawi ya aota yanapoishia kwenye modeli), damu itajigawa inavyotaka yenyewe. Weka Windkessel, wazo ambalo Otto Frank aliliandikia hesabu mwaka 1899: aota inatanuka, inatunza damu, vali ikifunga inaisukuma mbele. Presha ya wastani mmHg 95 (milimita za zebaki, yuniti ya presha) zidisha 1333 kuigeuza iwe dyne kwa sm ya mraba, gawa kwa mililita 87.5 kwa sekunde, unapata ukinzani wa jumla kama 1450 kwa yuniti hizo hizo za sentimita, gramu na sekunde. Kila tawi litakuwa na namba kubwa kuliko hiyo, maana yako sambamba.

Hatua ya 6: endesha mapigo matano sita, ya mwanzo tupa, mpaka presha ianze kujirudia.

MASWALI

Mdau: Mkuu mbona sioni vali yenyewe?
Jibu: Kwenye somo hili haipo ndugu yangu, tumeingiza mtiririko tu. Vijani (vipande vya vali) vinavyofunguka na kufunga ni hesabu nzito, mwanahisabati Charles Peskin alifungua njia hiyo 1972. Anza na vali iliyoganda ikiwa wazi.

Mdau: Vali ikiwa imebana nitajuaje kwenye matokeo?
Jibu: Ukishaweka hiyo vali iliyoganda, angalia kasi pale kwenye tundu lake. Kuanzia mita 4 kwa sekunde madaktari wanaita kubana vibaya. Kasi zidisha yenyewe, halafu mara 4: kwa hiyo mita 4, tofauti ya presha ni 64 mmHg.

Mdau: Simulesheni yangu inalipuka vali ikishafunga, namba zinakuwa za ajabu.
Jibu: Damu inarudi nyuma kupitia matundu ya kutokea. Washa kizuizi cha kurudi nyuma, punguza hatua ya muda (muda kati ya hesabu moja na nyingine) iwe sekunde 0.0005, urudie.