Kabla Hujaiachia Pikapu Uchukue Prado: Mambo ya Kuzingatia kwa Mtu wa Malindi

Mtu akishaichoka pikapu yake, sababu ya kwanza anayoitoa ni kwamba anataka SUV, yaani gari la juu la familia lililofungwa nyuma kama Prado au Fortuner, ili afike mbali zaidi. Hapo ndipo pa kumsimamisha. Fortuner imejengwa juu ya msingi ule ule wa Hilux, na Isuzu MU-X juu ya ule wa D-Max: chesisi ya chuma chini, bodi imefungwa juu yake, na kwa zile za fowili, yaani zinazosukuma magurudumu yote manne, gia nzito ya L4 ya kujikokotea. Kama Hilux yako ya fowili hukwama kwenye tope la Marafa mvua ikinyesha, Fortuner nayo itakwama papo hapo, labda hatua chache mbele. Ukibadilisha, unabadilisha nani atakaa nyuma na mzigo utalala wapi. Kule utakakofika kunabaki karibu kule kule.

Kwa hiyo anza na mzigo. Pikapu ya kawaida hubeba karibu tani moja, na mwenye nayo huzoea hata asihesabu tena. Kaa chini ukumbuke mwaka mzima, usikumbuke wiki hii tu: makreti ya maembe msimu ukifika, makuti na boriti za kuezekea banda, simiti na mawe ya nyumba ambayo haijaisha, madumu ya maji bomba likikauka, mbuzi wawili kabla ya Idi, jenereta ya kupeleka kwa fundi. Kila kimoja kiulize: kesho kitabebwa na nani? Vingine tuktuk itavimaliza. Vingine vitahitaji kukodi pikapu ya mtu, na hiyo bei iandike, uizidishe kwa mara unazodhani utakodi, uongeze kidogo maana huwa tunajipunja. Kama mzigo ndio unaolisha nyumba, kwa mfano unachukua samaki Ngomeni alfajiri au unapeleka bidhaa madukani Gongoni na Marereni, hesabu hii peke yake yaweza kukujibu, na mengine yaliyo hapa chini ukayasoma kwa kujifurahisha.

Usijidanganye na keria ya juu. Haikuwekwa pale kwa ajili ya simiti. Uzito ukiwa juu ya paa, gari hulala kwenye kona na hupepesuka likipishana na malori barabara ya Mombasa. Na mzigo wa ndani una yake: maji ya samaki yakishaingia kwenye zulia la gari lililofungwa, hakuna sabuni wala udi utakaoyatoa. Tela ni njia nzuri kwa anayebeba mara mojamoja, ila jaribu kwanza kulirudisha nyuma kwenye mchanga ndipo uamue kama unalitaka.

Kuna mzigo mwingine ambao si wako. Harusi ikiwa Ganda, pikapu yako ndiyo ibebayo masufuria ya pilau, mabenchi na turubai. Kukiwa na msiba, simu ya kwanza ni yako. Ukiuza pikapu, mtaa mzima umeuza pikapu, na wapo watakaolalamika kuliko mkeo. Sisemi uiweke kwa ajili yao. Wengine wanauza kwa sababu hiyo hasa, na siwalaumu. Lakini jua kwamba shemeji na majirani wana sehemu katika gari hilo, hata kama hawamo kwenye logbuku.

Upande wa watu, SUV inashinda bila ubishi. Springi za nyuma za pikapu ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine ili yahimili tani. Ikiwa tupu, hurusha abiria kwenye vituta vya barabara ya vumbi mpaka meno yagongane. Fortuner na Prado zina springi za koili nyuma, na bibi mwenye mgongo mbovu atakwambia tofauti kabla hamjafika Kakoneni. Watoto wakiwa wanne, safu ya tatu ya viti itakuokoa usiwapandishe nyuma ya pikapu, jambo ambalo ni kujitafutia kesi na polisi, na ajali ikitokea usitarajie bima iwatambue waliokuwa juu ya mzigo. Ila ikague hiyo safu ya tatu kwa kukaa wewe mwenyewe. Mtu mzima magoti humfika kidevuni. Tena kwenye Fortuner viti hivyo hukunjwa vikaning'inia ubavuni, kwa hiyo hata visipokaliwa vinakula nafasi ya mizigo. Wenye kupenda kwenda Tsavo kupitia lango la Sala wakumbuke pia kwamba KWS, shirika la wanyamapori, hutoza gari kulingana na idadi ya viti. Gari la viti saba huangukia daraja la juu kuliko pikapu ya viti vitano.

Sasa barabara. Malindi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 120 za lami. Kupanda kaskazini hadi Garsen, kisha kukata kwenda Witu, Hindi na Mokowe, nako ni lami. Kama maisha yako ni huko na Watamu, huhitaji fowili ya aina yoyote, na heshima ya kuonekana juu ya Prado utailipia kwenye pampu ya mafuta. Haja ya magurudumu manne inaanza ukiacha lami: mchanga wa Mambrui na Ngomeni, njia za ndani za Magarini zikiloa, udongo mzito wa bonde la Tana ambao ukishika tairi haliachii. Huko SUV ina faida mbili za kweli. Ya kwanza ni ufupi. Hilux ya milango minne ina milimita 3085 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Fortuner ina 2745. Penye tuta kali au mtaro mwembamba, gari refu hukalia tumbo na fupi hupita. Ya pili ni uzito kuenea. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, mkia huteleza, na ndiyo maana wenye akili hutupia mifuko ya mchanga juu ya ekseli wakati wa masika.

Hata hivyo, tairi na upepo wake vina kazi kubwa kuliko bodi. Dereva anayejua kushusha upepo mpaka kama psi 18 au 20 akiingia mchangani, na ana pampu ndogo ya kuujaza tena kabla ya lami, atampita mwenye SUV mpya iliyojazwa psi 35. Kabla ya kuongeza mamia ya maelfu ya shilingi juu ya pikapu yako, nunua tairi nzuri za matope, jembe fupi, kamba ya kuvutia na hiyo pampu, halafu uone ni shida ngapi zimebaki.

Maji ni habari nyingine. Toyota inasema Hilux na Fortuner zote zinaweza kupita maji ya kina cha milimita 700, yaani karibu katikati ya paja la mtu mrefu, na maneno hayo ni ya maji yaliyotulia. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoikata barabara ya Garsen hadi Lamu, hapakuwa na hesabu ya gari gani ni bora. Mto ukishavuka lami kwa kasi, hakuna pesa utakayoongeza ikakununulia njia.

Wanaokwenda Lamu mara kwa mara wana sababu ambayo watu wa bara hawaifikirii. Gari linaishia Mokowe. Wewe unapanda boti na gari linabaki bara siku mbili tatu. Kwenye pikapu, chochote kilicho nyuma lazima ukichukue au umwachie Mungu na mlinzi. SUV unaifunga, mizigo ikabaki ndani, ukaenda zako. Lakini kwa shida hii kuna njia ya katikati ambayo madalali hawaitaji kwa kuwa haina kamisheni: ifungie pikapu ya milango minne kanopi yenye kufuli. Mzigo unafungika, mvua haiingii, na siku ya mawe na mchanga unaifungua bolti ukaiweka kando. Badilisha na shoki, uweke springi laini kidogo ikiwa hubebi tani kamili, na nusu ya sababu za kuuza zitakuwa zimeondoka.

Ukiwa bado unaitaka SUV, angalia unauziwa ipi. X-Trail, Harrier na RAV4 ni magari mazuri ya familia, lakini hayana chesisi ya kujitegemea wala L4. Kuitoa Hilux ya fowili kwa hayo ni kushuka, hata kama muuzaji anayapamba vipi. Si kila Fortuner ni fowili pia. Zipo zinazosukuma magurudumu ya nyuma tu, na kwa nje huwezi kujua. Tafuta kitufe au kijiti cha H2 (magurudumu mawili), H4 (manne) na L4, kisha chungulia chini uone difu ya mbele, ile gia inayogawia magurudumu nguvu. Prado huendesha magurudumu yote manne wakati wote na ina kufuli ya difu ya katikati, jambo linalosaidia lami ikiwa na maji, ila hula mafuta zaidi. Prado za dizeli za lita 2.8 zilizotengenezewa soko la Japani tangu 2015 zina kichujio cha moshi na tangi la AdBlue, maji ya dawa ya kusafisha moshi. Kichujio hicho kinapenda safari ndefu za moto. Gari la kwenda sokoni na kurudi Maweni hukiziba. Na ukishangaa kwa nini Prado ya petroli ya lita 2.7 huwa na bei nafuu kuliko ya dizeli, sehemu ya jibu ni ushuru wa bidhaa: dizeli yenye injini inayozidi cc 2500 hutozwa asilimia 35 ikiingizwa nchini, na petroli hufika huko ikizidi cc 3000.

Kutu ndiyo inayoua magari ya pwani, na hapa nataka ukae kidogo. Upepo wa bahari una chumvi, barabara za karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa zina vumbi la chumvi, na gari lililozoea kutembezwa ufukweni limekwisha oga maji ya bahari. Pikapu yako mwenyewe huenda imeoza nyuma usijue, hasa ikibeba samaki, kwa sababu maji ya barafu hutiririka moja kwa moja kwenye chesisi. Ipeleke juu ya shimo la fundi kwanza, kabla hujaitajia bei, ujue unauza nini. Gari unalolitaka nalo lifanyie hivyo, mchana kweupe. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi mwisho: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya bubu. Ogopa rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu. Tazama makalio ya springi za koili, mahali tairi la akiba linaponing'inia, na mabomba ya breki. Ndani, inua zulia na uangalie bolti za viti. Zikiwa na kutu au udongo uliokauka, gari limewahi kuzama. Tangu mafuriko ya 2024 kule Nairobi, magari ya namna hiyo si ya kuyafanyia mzaha.

Pesa za kila mwaka nazo hubadilika. Pikapu husajiliwa kama gari la biashara, hukaguliwa kila mwaka, na KRA, mamlaka ya ushuru, hudai kodi ya mapema kwa kadiri ya tani. Kodi hiyo utaiaga. Lakini ukiwa umejiandikisha kwa VAT, kodi uliyolipa kununua pikapu ya kazi hudaiwa kurudishwa, na ya gari la abiria hairudishwi. Bima hubadilika daraja pia: ukichukua ya gari binafsi kisha ukaendelea kupeleka bidhaa za kuuza, siku ya ajali kampuni itauliza gari lilikuwa likifanya nini.

Kwenye karatasi, hesabu kubadilishana kama mauzo mawili, kila moja na mkataba wake, bei yake na tarehe yake. Fanya upekuzi wa namba ya gari kupitia eCitizen uone mwenye gari ni nani na kama benki au sacco ina dai juu yake. Soma namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe uilinganishe na logbuku. Usikabidhi ufunguo wala hela ya kuongezea mpaka uhamisho wa umiliki wa pande zote mbili umekubaliwa kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri. Dalali atakuambia mambo hayo yatamalizwa baadaye, kwamba sisi ni watu wa mji mmoja. Mjibu kwa upole, umnunulie kahawa, na ufunguo ubaki mfukoni.

Mwisho ni jaribio, na lami ya Lamu Road hapa mjini haitoshi. Omba nusu siku, uweke mafuta wewe. Panda na wote wa nyumbani katika viti watakavyokaa kweli, pakia kile unachobeba kila juma, muende hadi Marafa na kurudi. Mchangani tia L4 uone kama inashika bila kelele, kata kona polepole usikilize magurudumu ya mbele, kwenye vituta achia usukani kidogo uone kama gari linavuta upande. Mkirudi, lipandishe juu ya shimo la fundi injini ikiwa bado moto, maana mafuta yanayovuja huonekana wakati huo, na muuzaji bado yupo hapo.